RAMANI KUUKUU NI MZEE ASIYESAHAU

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya kijiji utaijuaje wazee wakiisha? Mimi nasema, soma ramani ya zamani.

Ramani zile za somo la jiografia, za kipimo cha 1:50,000, si ngumu. Sentimita 2 ni kilomita 1. Mistari ya kahawia huonyesha miinuko. Ikibanana, kama pale milima ya Manga, jua mteremko ni mkali. Alama za buluu ni mito na vinamasi.

Sasa linganisha na leo. Kwenye ramani ya miaka ya 1970 huoni wilaya ya Nyamira, maana ilikatwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980. Na bonde la kwetu lina alama ya kinamasi. Leo pale pana mikaratusi na tanuri za matofali, na ikifika Januari chemchemi yatoa matone tu.

Vijana husema eti bonde lilikuwa kavu tangu jadi. Ramani inakataa! Tukiing'oa mikaratusi, huenda maji yakarudi. Wenzangu, chukueni penseli, twendeni tukawaulize wazee wangali hai.