Hamburg: Maghala yaliyojengwa juu ya makazi ya watu

Oktoba, majani yakipukutika na upepo wa mto Elbe ukipenya koti, nilizunguka peke yangu na kamera katika mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani.

Picha nyingi nilipiga Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyofunguliwa mwaka 1888. Mfanyabiashara wa mpakani angeyaelewa upesi: kahawa, chai na viungo vilihifadhiwa humo bila ushuru, ukalipwa pale tu mzigo ulipotoka kuingia sokoni. Bandari hiyo huru ilifutwa mwaka 2013.

Lakini ili maghala yajengwe, watu wapatao 20,000 walihamishwa, vibarua na matajiri, nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 2015 UNESCO iliyatangaza maghala kuwa Urithi wa Dunia. Waliohamishwa hawakubakiziwa mtaa wa kurejea.