Makato ya Uzeeni ni Amana



Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi hupokea karatasi ya mshahara, na humo huona kwamba sehemu ya jasho lake imekatwa kwa ajili ya siku za uzee. Jambo hilo halimsumbui, kwani wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ni wachache wanaouliza swali moja la lazima: je, fedha hizo zilizokatwa zimefika?

Hapa nchini Uganda sheria imeeleza njia ya kupitia fedha hizo. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, iliyotungwa mwaka 1985, yaagiza kwamba mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara wake wa jumla, naye mwajiri aongeze asilimia 10 kutoka katika fedha zake mwenyewe. Mtu anayelipwa shilingi 400,000 hukatwa 20,000, na mwajiri hutoa 40,000. Jumla ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu faida. Fedha hizo zapasa kuwasilishwa kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mwajiri anayechelewa hutozwa adhabu, wala haruhusiwi kuitoa ile asilimia 10 katika mshahara wa mfanyakazi.

Hapo zamani wajibu huo uliwahusu waajiri wenye wafanyakazi 5 au zaidi. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliwaingiza waajiri wote. Mwenye duka aliyeajiri msaidizi mmoja naye amo.

Hata hivyo, sheria nzuri yaweza kushindwa katika meza ya karani wa mishahara. Wako waajiri wanaokata bila kupeleka. Wako wanaoandika mshahara mdogo kuliko ule wanaoulipa, ili mchango upungue. Na wako ambao hawakuwaandikisha kabisa baadhi ya watu wao, kwa kisingizio kwamba ni vibarua. Mwajiri anayekaa na makato hayo hufanya biashara kwa mkopo ambao mfanyakazi hakuulizwa. Naye mfanyakazi hupoteza mara mbili: mchango wenyewe, na faida ambayo ungezaa kwa miaka mingi.

Hasara hiyo haionekani leo. Huonekana siku mtu atimizapo miaka 55 na kwenda kudai haki yake, kumbe kampuni imekwisha fungwa na daftari zake hazijulikani ziliko. Huonekana pia kwa mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10, ambaye tangu mwaka 2022 ameruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Kisichopelekwa hakiwezi kugawanywa.

Ziko pia kampuni na taasisi zilizoanzisha mifuko yao wenyewe ya uzeeni. Kwa ajili hiyo, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kuisimamia mifuko hiyo, na kutaka kazi zake zigawanywe: wadhamini, watunza hesabu za wanachama, wawekezaji, na wale wanaohifadhi mali, kila mmoja kwa leseni yake. Mgawanyo huo una sababu. Nchini Uingereza, baada ya kifo cha tajiri wa magazeti Robert Maxwell mwaka 1991, iligunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa katika mifuko ya uzeeni ya wafanyakazi wake. Uingereza ikatunga sheria kali zaidi mwaka 1995. Mkono mmoja ukishika fedha, daftari na ufunguo, hakuna wa kuuzuia.

Kwa hiyo basi, mfanyakazi asingoje uzee ndipo aulize. Na aitake taarifa ya akaunti yake kila mara, ailinganishe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi, na karatasi hizo azitunze. Akiona pengo, amwulize mwajiri. Asipopata jibu, aende katika ofisi ya Mfuko mapema, wakati ushahidi ungalipo. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao waliweke jambo hili mbele katika mazungumzo yao na waajiri.

Waajiri waaminifu ni wengi, nao wanastahili heshima. Wengine wakumbushwe kwamba makato ya uzeeni si mali yao. Ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.