Ndege Nyepesi kwa Anga la Mara: Bei Iwe Swali la Mwisho

Anayenawa miguu ziwani pale Musoma yuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu hatuhisi kitu, lakini ndege huhisi kila inapoanza kukimbia ili iruke. Ndege nyepesi za burudani zinazotengenezwa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini huuzwa kwa takwimu zilizopimwa kwa hesabu ya usawa wa bahari, hewa ikiwa na nyuzijoto 15. Hewa ya namna hiyo haipo Musoma, wala Bunda, wala Butiama iliyo juu zaidi ya ziwa. Kwa hiyo mkazi wa Mara mwenye ndoto ya kuruka mwisho wa wiki, kwa fedha zake na kwa raha zake, ana hesabu nne za kufanya kabla hajauliza bei: hewa, mzigo, mafuta na karatasi. Ndege iliyo rahisi dukani ikifeli moja kati ya hizo, itaishia bandani.

Kundi la ndege tunazozizungumzia lilipata sura yake rasmi Marekani mwaka 2004. Masharti yalikuwa viti visivyozidi viwili, injini moja ya pistoni, magurudumu yasiyokunjwa, na uzito wa kuruka usiozidi kilo 600, au 650 kwa ndege ya kutua majini. Kasi yake ya juu isizidi kilomita 222 kwa saa, na mabawa yaweze kuendelea kuibeba mpaka kasi ishuke hadi kilomita 83. Ulaya nayo ilikifuata kipimo cha kilo 600. Mwaka 2025 Marekani ililegeza mipaka na kufungua mlango hata kwa viti vinne, lakini ndege nyingi zilizotumika zinazouzwa leo ni za kipimo cha zamani. Tushike hizo kilo 600.

Hewa inakula nguvu

Uwanja wa ndege wa Musoma uko kando ya ziwa, kwenye mita 1,150 hivi. Mchana joto likifika nyuzi 30, hewa yake huwa nyembamba kana kwamba uko karibu mita 1,950 siku ya kawaida. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, yaani kila mita 300 na ushei. Matokeo yake, injini ya nguvu ya farasi 100 hubaki na kama 80, na ile ya 80 hubaki na 65. Propela na mabawa navyo hushika hewa kidogo.

Tuiweke hesabu hiyo kwenye njia ya kurukia. Tuseme kitabu cha ndege kinasema inahitaji mita 300 kutoka kusimama hadi kuuvuka mti wa mita 15. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo waongeze asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za joto zilizozidi, asilimia 20 kwa nyasi kavu, kisha wazidishe jumla kwa 1.33 kama akiba ya usalama. Kwa Musoma saa nane mchana, kwenye kiwanja cha nyasi, mita 300 zinakuwa karibu mita 790. Anayepanga kutengeneza njia ya mita 400 kwenye shamba la familia kule Butiama afanye hesabu hii kabla ya kukata mti wa kwanza.

Hitimisho la kwanza ni hili: usinunue ya farasi 80 kwa sababu imepungua bei. Na ukiwa na nia ya kutumia viwanja vya nyasi, tafuta ndege iliyobuniwa kuruka na kutua kwa umbali mfupi.

Mzigo: hesabu ya mizani

Kilo 600 ni za ndege pamoja na kila kilichomo. Cessna 162 Skycatcher ni mfano mzuri kwa sababu jina lake linavutia wanunuzi. Ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo 378, hivyo inabaki na kilo 222. Waketi watu wazima wawili wa kilo 85 kila mmoja, zinabaki 52. Petroli ina uzito wa kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo hata bila begi wala chupa ya maji unaweza kutia lita 72 tu, ingawa matangi yana nafasi ya lita 90 hivi. Wengi hujaza matangi, hupanda wawili, na huruka wakiwa wamezidisha uzito bila kujua. Usawa wa bahari unaweza kusamehe kosa hilo. Musoma saa nane mchana haisamehi.

Skycatcher ina funzo lingine. Ilitangazwa mwaka 2007 kwa dola 109,500, ikapanda hadi dola 149,900, na mwaka 2013 Cessna ikaachana nayo. Jina kubwa halikuwalinda wanunuzi.

Mafuta: sheli iko karibu, avgas iko mbali

Injini ya Skycatcher, Continental O-200-D, ilitengenezwa kwa kutumia avgas, petroli maalumu ya ndege. Nchini mwetu mafuta ya jeti ndiyo yaliyoenea viwanjani, na avgas hupatikana sehemu chache. Mtu wa Bunda atakayeagiza mapipa ya avgas kutoka mbali atalipia usafiri, kuvuja na kungoja, na mwishowe ataruka mara chache.

Hapa ndipo Rotax 912 ya Austria inapojipatia umaarufu. Hupozwa kwa maji kwenye vichwa vya silinda, iko ya farasi 80 na ya farasi 100, na imeruhusiwa na mtengenezaji kutumia petroli ya magari: oktani 90 kwa ile ndogo, 95 kwa ile ya farasi 100. Hunywa takriban lita 15 hadi 20 kwa saa. Ukiilisha avgas kwa muda mrefu, risasi iliyomo humfanya fundi abadilishe oili mapema zaidi.

Petroli ya sheli ina masharti yake. Ulizia oktani, usikisie. Nunua kwenye kituo chenye mauzo makubwa ili mafuta yasiwe yamelala tangini. Yachuje unapoyatoa kwenye dumu, kisha kila asubuhi toa kidogo kutoka chini ya tangi la ndege uweke kwenye chupa angavu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utaona mstari unaoyatenga. Siku ya joto kali jihadhari pia na petroli kuchemka ndani ya mipira baada ya injini kuzimwa kwa dakika chache. Injini ikikohoa unapoiwasha tena, usiruke. Acha ipoe.

Anayenunua Rotax iliyotumika asidanganywe na saa chache. Muda wake wa kufanyiwa ukarabati mkuu ni saa 2,000 kwa matoleo ya karibuni, lakini mipira na sehemu nyingine za raba hubadilishwa kila miaka mitano hata kama ndege haikuruka. Ndege ya miaka sita yenye saa 90 inaweza kuwa inakudai kazi kubwa kuliko ya saa 700 iliyohudumiwa vizuri.

Karatasi kabla ya amana

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo husajili ndege kwa alama zinazoanza na 5H na ndiyo hutoa leseni za marubani. Ndege nyingi za kundi hili hazina cheti cha kimataifa kama kile cha Cessna 172. Cheti maalumu ilichopewa Marekani hakiifanyi ikubalike moja kwa moja nchi nyingine. Leseni ya Kimarekani ya rubani wa ndege nyepesi nayo ni hivyo hivyo: haifikii kiwango cha shirika la kimataifa la anga, ICAO. Njia salama ni leseni ya rubani binafsi, PPL, ambayo kwa kiwango cha ICAO inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa.

Kwa hiyo iandikie TCAA ukitaja aina ya ndege, mwaka wa kutengenezwa, injini, na kama ni ya kiwandani au ya kujiundia. Uliza itasajiliwa kwa masharti gani, nani ataruhusiwa kuisainia baada ya matengenezo, na kama petroli ya magari inakubalika. Subiri jibu la maandishi. Muuzaji anayekusukuma ulipe kabla ya jibu hilo ana haraka isiyokuhusu.

Ndege ya kufaa mahali

Mtafiti wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipokuja kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958, walitumia Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia. Haikuwa nyepesi kwa kipimo cha leo, lakini ilifaa kwa kazi yao: bawa juu, kasi ndogo bila kuanguka, kutua kwenye nyika. Vigezo hivyo bado ndivyo.

Ukivifuata, orodha inakuwa fupi. Zenith CH 701 na kaka yake CH 750, kazi za Chris Heintz, ni za bati la alumini, bawa juu, zenye kibao mbele ya bawa kinachosaidia kuruka polepole. Savannah ya ICP ya Italia inafanana nazo. Aeroprakt A22 ya Ukraine ina madirisha makubwa na injini ya Rotax. Bat Hawk ya Afrika Kusini ni ya wazi zaidi, na hutumika katika doria za kuwasaka majangili. Hakuna hata moja kati ya hizi inayokimbia sana, na kwa Mara hilo halina hasara. Mzunguko wa Musoma, Butiama, Bunda na kurudi ni kilomita 130 hivi kwa mstari wa anga. Kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa ni chini ya saa moja.

Bati la alumini lina faida nyingine: fundi mzoefu anaweza kuliona, kuligonga na kulipiga ribiti. Plastiki ya nyuzi huhitaji utaalamu na chumba chenye joto linalodhibitiwa. Kitambaa huchoshwa na jua. Ya kutua majini inatamanisha ukitazama ziwa, lakini maboya yake hula mzigo uliokuwa haba tangu mwanzo. Icon A5, nayo ya kutua majini, ilifikia dola 389,000 mwaka 2017, kwa hiyo haihusiki na neno nafuu.

Vipo pia vitu ambavyo vipeperushi havitaji. Nyigu hupenda kujenga ndani ya bomba dogo linalopima kasi, kwa hiyo kila ukitua, lifunike. Wadudu wa ziwani hupanda kama moshi na hutapakaa kwenye kioo. Viwanja vya porini vina fisi wanaotafuna matairi, na marubani huyazungushia miiba usiku. Michael Grzimek alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, baada ya tumbusi kugonga bawa la Do 27 yake. Ndege nyepesi ina mabawa membamba kuliko hiyo. Mchana tumbusi hupanda na hewa ya moto, na kuwapisha ni kazi ya macho yako.

Hali ya hewa hukuchagulia saa za kuruka. Usiku mawingu ya radi hujengeka juu ya ziwa hadi alfajiri. Alasiri upepo wa ziwa huingia nchi kavu, hukutana na ule wa mashariki, na radi huhamia upande wetu. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa siku nyingi, ndiyo nafasi yako. Na usikate ziwa kwenda Mwanza kwa mstari ulionyooka: ukiwa mita 300 juu ya maji injini ikazima, ndege inayoteleza mita nane kwa kila mita moja ya kushuka itakufikisha kilomita 2.4 tu. Fuata ufuko, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea.

Sasa bei

Tuchukue mfano wa kukokotolea. Bima, banda, ukaguzi na ada ziwe dola 6,000 kwa mwaka, urushe au usirushe. Ukiruka saa 50, kila saa imebeba dola 120. Wanne mkishirikiana mkaruka saa 200, kila saa inabeba dola 30. Tenga dola 12 kwa saa kwa ajili ya injini, kama mpya ni dola 24,000 na hudumu saa 2,000. Kisha zidisha lita 18 kwa bei kikomo ya petroli inayotangazwa kila mwezi na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA. Utaona kwamba tofauti kati ya mmiliki mmoja na wanne ni kubwa kuliko punguzo lolote utakalopewa na muuzaji.

Pendekezo langu kwa Mara ni ndege ya bati yenye bawa juu, iliyotumika na yenye kumbukumbu kamili, Rotax ya farasi 100, na watu wanne waliokwisha kuandikiana mkataba wa nani anaruka lini na nani analipa ikiharibika. Mkishaipata, mwombeni muuzaji karatasi ya uzito uliopimwa kwenye mizani ikiwa na vifaa vyake vyote, kisha ninyi wenyewe mfanye hesabu ya Musoma saa nane mchana. Asiyekuwa na karatasi hiyo, achaneni naye hata kama bei yake ni nusu.