Ufundi ni Akili, si Upya wa Chombo

Mnamo mwaka wa 1994, nikifunza Kiswahili katika shule moja ya bweni, nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha pili kidude chake cha kuchezea. Kilikuwa kimojawapo cha vile vidude vya plastiki vya bei nafuu ambamo matofali madogo huanguka kiooni na mchezaji akawa na kazi ya kuyapanga. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa, na nyaya mbili zilizofungwa kwa ukanda wa mpira zilikuwa zimekiunganisha na betri kuukuu za tochi. Sikumwuliza swali hata moja. Nilimwadhibu, nikakitia kidude katika mtoto wa meza yangu, na muhula ulipokwisha sikukiona tena.

Tukio hilo lilinirudia hivi karibuni nilipokuwa nikisoma habari za Mjapani mmoja aitwaye Gunpei Yokoi. Nimeona vyema niwasimulie habari hizo walimu wenzangu na wanafunzi wetu. Sikusudii kuisifu michezo ya video, ambayo ina hasara zake na wala si haba. Nia yangu ni kuonyesha jinsi fundi wa mitambo alivyobadilisha mwenendo wa kampuni nzima kwa sababu mkubwa wake alimwona akicheza kazini, na badala ya kumtimua akamwuliza alichokuwa akikifanya.

Kampuni yenyewe ni Nintendo, ya mji wa Kyoto. Wengi hudhani ilizaliwa pamoja na kompyuta. La hasha! Iliasisiwa mwaka wa 1889 na Fusajiro Yamauchi, aliyekuwa akitengeneza karata. Karata hizo za Kijapani, ziitwazo hanafuda, hupambwa kwa picha za maua na miti kufuata miezi 12 ya mwaka. Kwa miaka mingi riziki ya kampuni ilitoka humo. Mnamo 1949 usukani ulimwangukia kitukuu cha mwasisi, Hiroshi Yamauchi, kijana aliyelazimika kuacha masomo ya chuo kikuu. Alikuwa mtu mkali asiyependa kupingwa. Aliona kwamba karata pekee hazingetosha, akajaribu teksi, akajaribu wali wa kupikwa papo kwa papo. Yote yakaambulia patupu.

Ndipo mwaka wa 1965 akaajiriwa Yokoi, aliyekuwa amehitimu masomo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Kazi aliyopewa haikuwa ya fahari: kuitunza mitambo ya kutengenezea karata. Mitambo isipoharibika, fundi hana la kufanya. Basi kwa kujiliwaza alijiundia mkono wa kuchezea, wenye vipande vilivyopishana kama mkasi, ambao ukiubana hurefuka na kushika kitu kilicho mbali. Siku moja Yamauchi akipita kiwandani akamwona. Yokoi alipoitwa ofisini alidhani anakwenda kukemewa. Badala yake akaamriwa akigeuze kichezeo hicho kuwa bidhaa. Mkono huo, Ultra Hand, ulitoka mwaka wa 1966, na zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Aliyekuwa mtunza mitambo akawa mbuni wa vichezeo.

Ndugu msomaji, tazama jinsi akili ya mtu huyu ilivyofanya kazi. Akiwa safarini katika treni ya mwendo wa kasi, alimwona abiria aliyechoshwa na safari akijiburudisha kwa kubofyabofya kikokotoo chake. Wakati huo vikokotoo vilikuwa vimejaa tele madukani na bei ya vioo vyake ilikuwa imeshuka. Yokoi akajiuliza: kwa nini kioo hicho hicho kisitumiwe kwa mchezo mdogo wa kutiwa mfukoni? Mwaka wa 1980 kikatoka chombo kiitwacho Game & Watch, mchezo na saa pamoja. Vyombo vya aina hiyo viliuzwa zaidi ya milioni 40. Kwa ajili ya kimojawapo, cha mwaka wa 1982, Yokoi alibuni kitufe chenye umbo la msalaba, cha kuelekeza juu, chini, kushoto na kulia kwa kidole gumba kimoja. Umbo hilo lingalipo katika vyombo vingi vya michezo hadi leo.

Falsafa yake aliipa jina la ajabu kidogo, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza hivi: kuufikiria kwa upande ufundi ulionyauka. Ufundi ulionyauka ni ule ambao si mpya tena. Bei yake imeshuka, kasoro zake zinajulikana, na mafundi wameuzoea. Kuufikiria kwa upande ni kuutoa katika matumizi yake ya kawaida na kuupa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuudhania. Chombo ni kile kile, lakini swali linaloulizwa ni jipya.

Shigeru Miyamoto naye aliwekwa chini ya uangalizi wa Yokoi. Kijana huyu alikuwa amesomea sanaa ya ubunifu wa vifaa mjini Kanazawa, akajiunga na kampuni mwaka wa 1977. Mapema katika miaka ya 1980 Nintendo ilikuwa mashakani Marekani: mashine zipatazo 2,000 za mchezo uitwao Radar Scope zilikuwa zimedoda ghalani. Miyamoto alitakiwa abuni mchezo mwingine utakaotiwa katika mashine zizo hizo. Akabuni Donkey Kong, uliotoka mwaka wa 1981, na humo akazaliwa mhusika ajulikanaye leo kama Mario. Hata sura ya Mario ilitokana na uhaba. Nukta za kuchorea zilikuwa chache mno. Kwa hiyo masharubu yakachukua nafasi ya mdomo, na kofia ikamwondolea mchoraji taabu ya kuchora nywele. Miaka mitano baadaye, Miyamoto alipobuni mchezo wa The Legend of Zelda, alichota kumbukumbu za utoto wake huko Sonobe, alikozoea kuzurura vilimani na kuchungulia mapango.

Fundisho la Yokoi lilipata mtihani wake mkubwa mwaka wa 1989, kilipotoka chombo cha mkononi cha Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, ila vivuli vya kijivu juu ya ukijani hafifu. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na vioo vya rangi za kupendeza. Lakini vyombo hivyo vilimeza betri 6 kwa saa chache tu, ilhali Game Boy iliridhika na betri 4 kwa saa 10 na zaidi. Huko Marekani iliuzwa kwa takriban dola 90, nusu ya bei ya Lynx. Iliandamana na mchezo wa Tetris, uliobuniwa mjini Moscow mwaka wa 1984 na Alexey Pajitnov. Huo ndio mchezo wa matofali yaangukayo, ambao vidude vile vya bei nafuu viliuiga, kikiwamo nilichomnyang'anya mwanafunzi wangu. Game Boy, pamoja na ndugu yake mdogo wa rangi aliyefuata mwaka wa 1998, iliuzwa karibu milioni 119. Wenye rangi waliachwa nyuma.

Hata hivyo si kila alichokishika Yokoi kilikuwa dhahabu. Virtual Boy, chombo chake cha mwaka wa 1995 kilichoonyesha picha nyekundu juu ya weusi, kilianguka kishindo. Hata milioni moja hazikuuzwa. Mwaka uliofuata aliiacha kampuni aliyoitumikia miaka 31 na kuanzisha ya kwake. Tarehe 4 Oktoba 1997, baada ya gari alimokuwa kugongana na jingine barabarani, alishuka ili atazame hasara, akagongwa na gari lililofuata. Alikuwa na umri wa miaka 56. Fikra yake haikuzikwa naye. Satoru Iwata, aliyemrithi Yamauchi mwaka wa 2002, alikataa kushindana kwa nguvu za mitambo. Wii, ya mwaka wa 2006, ilikuwa dhaifu kuliko vyombo vya Sony na Microsoft, lakini iliuzwa zaidi ya milioni 100, kwa kuwa hata ajuza aliweza kuuchezesha mkono wake mbele ya televisheni na kuufurahia mchezo.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, unatwambia tuwaache watoto wacheze usiku kucha? Hasha. Mchezo usio na mpaka huiba usingizi na masomo. Wala sitaki wale wenye jukumu la kuzipa shule zetu maabara na vitabu wajifiche nyuma ya hadithi hii, wakisema kwamba mwenye akili haihitaji maabara. Yokoi alikuwa na shahada, alikuwa na karakana na mshahara, na juu ya yote alikuwa na mkubwa aliyempa nafasi. Uhaba pekee hauzai kitu ila uhaba. Huzaa pale tu unapokutana na mtu aliyefunzwa na akaruhusiwa kujaribu.

Hapo ndipo ninapojihukumu. Mwanafunzi wangu alikuwa ametambua kwamba betri za kidude chake zilimshinda bei, na kwamba zile za tochi, ambazo wenzake walikwisha kuzitupa, zilikuwa na uhai uliobaki ambao ungetosha kukiendesha. Huo nao ni ufundi ulionyauka uliofikiriwa kwa upande. Naam, alikuwa amevunja kanuni ya shule, na kanuni ina haki yake. Lakini ningeweza kumwadhibu kisha nikamwuliza: ulijuaje? Ningeweza kumpeleka kwa mwalimu wa fizikia. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa kuwa macho yangu yaliuona utovu wa nidhamu tu.

Yamauchi, kwa ukali wake wote, aliuliza. Mimi, niliyelipwa ili niulize maswali, sikuuliza. Sijui kijana yule aliko leo. Ikiwa anausoma ukurasa huu, na ajue kwamba mwalimu wake anadaiwa kidude kimoja na swali moja.