Droni Huna na Kazi Iko: Venye Msee Anaanza Kuediti Video za Hewani pale Upper Hill

Kuna klipu moja kila msee wa Nai ameiona. Droni inainuka polepole juu ya Hospital Road, Britam Tower imesimama kama kisu kwa jua la jioni, halafu UAP Old Mutual inachomoza nyuma yake na mawingu mekundu. Unaiangalia mara ya kwanza unasema manze, Kanairo ni tamu. Mara ya kumi unaanza kujiuliza nani analipwa kwa hii kitu.

Nilijiuliza hivyo mwaka jana, na nikaingia mboka kwa kichwa. Rubani mmoja ninayemjua, mwenye leseni yake na makaratasi yake sawa, alikuwa ameshoot majengo ya klayenti anayeuza nyumba kwa mteremko wa Upper Hill. Kurusha anajua, kukaa kwa kompyuta hataki. Akanipea kadi yenye klipu 41 na ahadi ya ngiri kumi na mbili: nne mwanzo, nane klayenti akikubali kazi.

Nilichukua zile klipu kali zote nikazipanga moja nyuma ya nyingine. Nikaweka amapiano ya nguvu, nikaweka mapambo ya kuzungusha picha kati ya kila klipu, nikatoka na video ya dakika tatu na sekunde arobaini. Niliiona kama sinema. Klayenti akajibu na maneno matatu: "Hii ni skrini-seva." Akanyamaza siku nne. Zile ngiri nane zikakaa huko kwake.

Aliniuma, lakini hakukosea. Shida ya video ya droni ni kwamba kila klipu ni tamu hata kabla hujaigusa, kwa hivyo unadhani kazi imeisha. Mtazamaji hataki klipu tamu arobaini. Anataka kujua hapa ni wapi, kuna nini, na kwa nini asiscroll. Hiyo kazi haifanywi angani, inafanywa kwa meza, na ndiyo nimekuwa nikijifunza tangu siku hiyo.

Tuanze na habari poa: kuediti hakuhitaji droni yako mwenyewe. Kurusha ndiyo ina mashida. Kanuni za KCAA za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe, na ukitaka kufanya biashara nayo kuna leseni na vyeti juu yake. Upper Hill ni noma zaidi kwa sababu Wilson Airport iko kama kilomita tatu tu, na State House iko hapo kando. Usinunue droni ya mkono wa pili ukasimama Ralph Bunche Road unarusha kama kite. Karao watakupata kabla betri iishe.

Halafu kuna hii hesabu, wengi hawaijui. Kikomo cha kawaida ni futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 122. Britam Tower ina mita 200. UAP Old Mutual ina 163. Kwa hivyo msee akikuletea klipu inayotazama ncha ya Britam kutoka juu, muulize ruhusa iko wapi kabla ujaweka jina lako kwa hiyo kazi. Unaeza pia kujicheki mwenyewe: droni nyingi za DJI, kama rubani amewasha maandishi ya safari, huandika faili ndogo ya SRT kando ya kila klipu. Ifungue kama maandishi ya kawaida na utaona mahali ilipokuwa na urefu wake, sekunde kwa sekunde. Hiyo faili inasema ukweli hata kama rubani hasemi. Na usiitume ovyo, maana inaweza kuonyesha pia penye rubani alisimama kurusha.

Kama huna rubani wa kukupea klipu, Pexels na Pixabay ziko na video za droni za bure za kufanyia mazoezi. Si za Nai zote, lakini mkono unajifunzia popote.

Sasa laptopu. Video ya 4K ya droni inaweza kula kama megabaiti 750 kwa dakika moja. Mashine ya RAM ya giga 8 itaganda, feni italia kama nganya ya Rongai inapanda mlima, na utadhani wewe ndiye hujui. Usikate tamaa. Pakua DaVinci Resolve, toleo la bure linakutosha miaka, na kabla ya kukata chochote tengeneza proksi. Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu: unakata na hiyo nyepesi, halafu ukimaliza programu inarudi kwa faili kubwa yenyewe. Droni kadhaa mpya za DJI tayari huacha nakala nyepesi kwa kadi, mwisho wake .LRF. Ibadilishe jina iwe .MP4 na itacheza hata kwa simu. Mimi huzipitia hivyo kwa mat nikienda home, naandika namba za zile zinafaa kwa notibuku. Kama ni simu tu unayo, anza na CapCut, hakuna aibu. Ila hapo utafanya kazi na klipu fupi.

Kabla ya yote, nakili kadi mara mbili, mahali pawili tofauti. Rubani hawezi kurudia jua la jana.

Hapo kwa kuchagua ndipo pesa iko, kwa hivyo niruhusu nikae kidogo. Klipu ya droni huanza vibaya na kuisha vibaya. Sekunde za kwanza rubani bado anatafuta mwendo, za mwisho anaanza kupiga breki na picha inainama. Katikati kuna kipande cha sekunde nne mpaka saba chenye mwendo mmoja safi. Hicho ndicho unachukua. Zingine wacha, hata kama mawingu yalikuwa fiti. Kutoka klipu zangu 41 nilibaki na 16 hivi, na kwa video ya mwisho zikaingia tisa.

Swali langu kwa kila klipu limekuwa moja: hii inamwambia mtazamaji kitu gani ambacho ile ya kabla haijamwambia? Nilikuwa na klipu sita za Britam. Sita! Zote zinasema "hii ni Britam". Moja inatosha. Lakini kulikuwa na klipu moja niliyoitupa mara ya kwanza kwa sababu haikuwa na jengo refu. Ilionyesha tu lango la hizo nyumba, barabara, na stage ya mat umbali wa kutembea dakika mbili. Kwa mtu anayetaka kununua nyumba, hiyo ndiyo habari. Ikawa ya pili kwa mpangilio mpya.

Mpangilio wenyewe: nilianza na mji mzima ujue uko wapi, nikashuka kwa mtaa, nikaingia kwa lango, halafu nikaomba rubani picha tatu za chini alizoshika na simu. Mlango, jikoni, mtoto wa mwenyewe akikimbia kwa korido (mzazi alikubali, tutafika hapo). Bila picha za chini, video ya droni huchosha haraka. Jicho la binadamu haliishi juu kama mwewe.

Ukiunganisha klipu mbili, angalia mwendo. Kama ya kwanza inaenda kushoto na ya pili inaenda kulia, mtazamaji anahisi amegongwa. Ziache ziende upande mmoja, au katikati weka klipu iliyotulia. Yale mapambo ya kuzunguka na kulipuka kati ya klipu, yatupe. Mkato wa kawaida tu. Na upeo wa macho ukiwa umeinama hata digrii mbili, unyooshe. Upper Hill ina majengo marefu mengi, yote yatakushtaki.

Kuhusu kupunguza kasi: kama rubani alishoot kwa fremu 50 kwa sekunde na taimlaini yako ni ya 25, unaeza punguza mpaka nusu na itakaa laini kama maziwa. Kama alishoot 25, ukipunguza itaruka-ruka. Mwambie kabla arushe. Mwambie pia kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo usiku taa za barabara zinaweza kupepesa kwa video kama kasi ya shata haikuwekwa vizuri. Dawa ya kupepesa kwa DaVinci iko kwa toleo la kulipia, so ni rahisi kuzuia kuliko kutibu.

Rangi nitapita haraka kwa sababu wasee wanaipenda kupita kiasi. Klipu zilizoshootiwa kwa D-Log zinaonekana zimefifia, kama shati iliyofuliwa na JIK. Si kuharibika, zimeachwa hivyo ili uwe na nafasi ya kufanya kazi. Rekebisha mwanga kwanza, halafu joto la rangi, halafu tofauti ya giza na mwanga. Utamu wa rangi mwisho, na kidogo. Ukiona nyasi za Uhuru Park zimekuwa kijani cha bango la Safaricom, rudi nyuma. Nilikuwa pia nimeongeza zambarau kwa mijakaranda mpaka ikaonekana Oktoba, na tulishoot Mei.

Sauti sasa, manze, hapa ndipo wengi wanaanguka. Droni nyingi hazirekodi sauti, na zingerekodi ungesikia tu mapanga yakilia. Kwa hivyo picha inakuja bubu kabisa. Mimi nilirudi Upper Hill Jumanne moja na simu, nikatembea kutoka Community mpaka karibu na Kenyatta National. Nikarekodi konda akiita wa Ngong Road, ambulensi ikiingia KNH, upepo kwa mikalitusi, mwewe, hata mama akigeuza mahindi kwa jiko. Kila moja sekunde thelathini, simu nimeishika bila kusonga. Niliziweka chini kabisa ya muziki, hazisikiki sana. Lakini ukizizima unahisi video imekufa. Ambulensi niliitoa mwishowe. Hakuna anayenunua nyumba akisikia king'ora.

Muziki: ile amapiano yangu ya kwanza haikuwa yangu. Ingewekwa kwa peji ya klayenti, ingenyamazishwa au kudaiwa na mwenyewe. Maktaba ya sauti ya YouTube ni bure, na kuna maproduza mtaani watakutengenezea biti kwa thao mbili, tatu. Waandikiane na wewe hata kwa WhatsApp kwamba umeruhusiwa.

Na ile kitu iliyonipa baridi. Kwa klipu namba 23 droni ilipita juu ya paa la fleti jirani, na mama mmoja alikuwa anaanika nguo, amejifunga leso tu. Kwa skrini ya simu ni nukta. Kwa 4K, ukivuta karibu, ni uso wake. Nilikuwa nimeiweka kwa video ya kwanza bila kuona. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hao si wa mchezo: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu ya Casa Vera faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na ofisi ya huyo Kamishna iko wapi? Ndani ya Britam Tower. Inawezekana iko kwa klipu yako ya kwanza.

Kwa hivyo sasa, kabla ya kutuma, napitia video nzima ikiwa imevutwa asilimia 200. Mapaa, balkoni, madirisha, uwanja wa hospitali. Uso ukionekana na mwenyewe hajaulizwa, nakata au naweka ukungu unaomfuata. Wagonjwa wa KNH siwaweki hata kwa ukungu. Mtoto akitokea, ujumbe wa mzazi wa kukubali unakaa kwa foleda moja na video.

Kutoa faili: ya YouTube iwe ya kulala. Ya TikTok na Reels iwe ya kusimama, na hapa 4K inakuokoa, maana ukikata wima kutoka 4K bado unabaki na pikseli 1215 kwa 2160, na simu inahitaji 1080 kwa 1920 tu. Ila kata klipu moja moja, usibonyeze kitufe ikatwe yote katikati. Mnara utakatika bega. WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo itaponda kazi yako yote iwe uji.

Video ya pili ilikuwa na sekunde 52. Nilimtumia klayenti saa tatu usiku bila maelezo, sikuwa na uso wa kuelezea. Hakusema ni poa wala si poa. Saa nne kasoro M-Pesa ikalia, ngiri nane, na swali moja: kama naeza toa ile stage ya mat, ndio mtaa uonekane wa bei. Nimemwambia stage inabaki. Bado tunabishana.