Homoni za Kike na Upumuaji katika Nyanda za Juu

Katika somo lililopita tulijifunza viungo vinavyotumika katika kupumua: pua, koo, mapafu na kiwambo. Tuliona kwamba mwili huchukua oksijeni kutoka katika hewa tunayoivuta, na hutoa kabonidayoksaidi katika hewa tunayoitoa nje. Sasa tutajifunza kwa nini mama mja mzito hupumua hewa nyingi kuliko watu wengine. Tutaona pia jinsi jambo hilo linavyomlinda mtoto aliye tumboni, hasa mahali ambapo oksijeni ni haba.

1. Hewa ya nyanda za juu

Tazama ramani ya Tanzania. Upande wa kusini magharibi utauona Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Makao makuu ya mkoa huu ni Vwawa. Mji wa Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita katika miji hiyo miwili. Reli hiyo huanzia Dar es Salaam, karibu na bahari, nayo hupanda mpaka nyanda za juu za kusini. Vwawa na Tunduma ziko katika uwanda wenye mwinuko wa meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Lakini ukishuka kutoka uwanda huo kuelekea kaskazini, utafika katika bonde la Ziwa Rukwa, ambalo mwinuko wake ni karibu meta 800 tu.

Hewa ina uzito. Hewa iliyo juu huilalia hewa iliyo chini na kuibana. Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine. Gunia la chini kabisa ndilo linalobanwa zaidi, na la juu kabisa halibanwi na kitu. Hali kadhalika, hewa ya pwani imebanwa sana, na hewa ya mlimani imelegea. Mgandamizo huo huitwa kanieneo ya hewa.

Kila mahali, katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 hivi ni oksijeni. Lakini mahali pa juu hewa imelegea, kwa hiyo pumzi moja huingiza oksijeni kidogo kuliko pumzi ya ukubwa uleule ivutwayo pwani. Jedwali hili linaonyesha tofauti hiyo. Tumeihesabu oksijeni ya pumzi moja ya pwani kuwa ni mafungu 100.

Mahali — Mwinuko — Oksijeni katika pumzi moja
Dar es Salaam, ufukweni — meta 0 — mafungu 100
Bonde la Ziwa Rukwa — karibu meta 800 — karibu mafungu 91
Uwanda wa Vwawa na Tunduma — zaidi ya meta 1,500 — karibu mafungu 83
La Paz, nchini Bolivia — karibu meta 3,600 — karibu mafungu 65
Kilele cha Kilimanjaro — meta 5,895 — karibu mafungu 50

Watu wenye afya wanaoishi Tunduma hawaoni taabu yoyote kwa sababu ya upungufu huo mdogo. Miili yao imeuzoea. Lakini mtu anayepanda Mlima Kilimanjaro huhema sana, na pengine huumwa kichwa na kutapika. Mwili wake unatafuta oksijeni.

2. Mlinzi wa pumzi

Hatukumbuki kupumua, lakini tunapumua hata tukiwa usingizini. Kazi hiyo husimamiwa na sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Tuiite mlinzi wa pumzi. Mlinzi huyu hupima kabonidayoksaidi iliyomo mwilini. Ikizidi, huamrisha kiwambo na misuli ya mbavu kufanya kazi zaidi.

Mlinzi anao wasaidizi wawili. Ni viungo vidogo sana vilivyo shingoni, kimoja kila upande, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani. Viungo hivi hupima oksijeni. Oksijeni ya damu ikipungua, hupeleka habari kwa mlinzi, naye huongeza pumzi.

Jaribio: Kaa kimya kwa muda wa dakika tano. Kisha mwenzako ahesabu pumzi zako kwa dakika moja. Andika hesabu hiyo. Ruka kamba kwa dakika moja, kisha mwenzako ahesabu tena. Je, hesabu zote mbili ni sawa? Eleza ni nani aliyekuamrisha kupumua upesi.

3. Homoni ni nini?

Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni neva, ambazo hupeleka habari kwa kasi kubwa. Njia ya pili ni homoni. Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na kutiwa katika damu. Damu huzichukua na kuzizungusha mwili mzima. Homoni ni kama tarishi anayebeba barua: hupita mahali pengi, lakini barua husomwa na yule tu aliyeandikiwa.

Msichana anapobalehe, ovari zake huanza kutengeneza homoni za kike kwa wingi. Zilizo muhimu ni mbili, estrojeni na projesteroni. Homoni hizi huukuza mwili wa msichana uwe wa mwanamke, na huutayarisha mfuko wa uzazi kupokea mimba. Mwanamke akishika mimba, projesteroni huongezeka sana. Kwanza hutoka katika ovari. Baada ya miezi michache, sehemu kubwa hutoka katika kondo la nyuma, ambalo humuunganisha mtoto na mama.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba kazi ya homoni hizi ni uzazi peke yake. Sivyo. Barua yao husomwa na mlinzi wa pumzi pia.

4. Kazi ya projesteroni katika kupumua

Mwaka 1912, mtaalamu wa Denmark aitwaye Karl Hasselbalch alionyesha kwamba mama waja wazito hupumua hewa nyingi kuliko kawaida. Wakati huo projesteroni ilikuwa haijajulikana. Ilikuja kupatikana baadaye, mwaka 1929, kwa utafiti wa George Corner na Willard Allen huko Marekani. Leo tunajua kwamba projesteroni humfanya mlinzi wa pumzi kuwa mwepesi zaidi. Kabonidayoksaidi kidogo tu, ambayo zamani asingeijali, sasa humfanya aongeze pumzi. Estrojeni nayo humsaidia, kwa kuwa hutayarisha mahali pa kupokelea barua ya projesteroni. Wakati wa mimba, mwili huwa mwepesi pia kutambua upungufu wa oksijeni.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja, kabla ya kushika mimba, huvuta pumzi 14 kwa dakika, na kila pumzi ni nusu lita ya hewa. Kwa dakika moja huvuta lita 7. Akiwa mja mzito, huvuta pumzi 14 vilevile, lakini kila pumzi ni lita 0.7. Sasa huvuta karibu lita 10 kwa dakika. Angalia vizuri: hakuongeza wingi wa pumzi, bali ameongeza ukubwa wake. Ndiyo maana watu wanaomtazama hawatambui mabadiliko hayo, ila yeye mwenyewe huona kwamba anaishiwa pumzi upesi apandapo kilima.

5. Mtoto hupumuaje tumboni?

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayavuti hewa. Mtoto hupata oksijeni kutoka katika damu ya mama. Damu ya mama na damu ya mtoto hukaribiana katika kondo la nyuma, lakini hazichanganyiki. Hutenganishwa na utando mwembamba sana. Oksijeni hupita katika utando huo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kabonidayoksaidi hupita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama.

Hapo ndipo pumzi kubwa za mama zinapoonyesha faida yake. Kwanza, zinaongeza oksijeni katika damu yake. Pili, zinapunguza kabonidayoksaidi katika damu hiyo, kwa hiyo kabonidayoksaidi ya mtoto hupata nafasi ya kutoka kwa urahisi. Kwa mama aliye pwani hili ni jambo jema. Kwa mama aliye mahali pa juu sana ni jambo la lazima, kwa kuwa oksijeni ya kugawana ni ndogo.

6. Mafunzo kutoka milima mirefu

Wataalamu wamelichunguza jambo hili katika milima iliyo mirefu kuliko nyanda zetu. Wamegundua kwamba, kwa wastani, uzito wa watoto wanaozaliwa hupungua kwa gramu 100 hivi kwa kila meta 1,000 za mwinuko. Katika mji wa Leadville huko Marekani, wenye mwinuko wa karibu meta 3,100, Lorna Moore na wenzake waliwapima mama waja wazito. Mwaka 1982 walieleza kwamba mama waliokuwa na oksijeni nyingi zaidi katika damu walizaa watoto wazito zaidi.

Huko Peru, tangu miaka ya 1920, daktari Carlos Monge alieleza ugonjwa unaowapata baadhi ya wenyeji wa milima mirefu. Chembe nyekundu za damu huzidi mno, damu ikawa nzito, na mgonjwa huumwa kichwa na kuchoka. Ugonjwa huu huwapata wanaume zaidi ya wanawake. Lakini wanawake waliokoma kupata hedhi, ambao homoni zao za kike zimepungua, hupatwa nao zaidi kuliko wanawake vijana. Hii ni dalili kwamba homoni za kike huwakinga wanawake wanapoishi katika hewa yenye oksijeni haba.

7. Tusimnyime mama oksijeni

Mwinuko wa Tunduma, Vwawa au Ileje si mkubwa kama wa Leadville. Lakini yako mambo mengine yanayopunguza oksijeni katika damu ya mama, na hayo tunaweza kuyazuia.

Moshi wa kuni na mkaa una hewa yenye sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Hewa hii hushika chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Jiko lisilo na dirisha ni hatari kwa mama na mtoto. Upungufu wa damu nao ni hatari. Huletwa na ukosefu wa madini ya chuma, malaria na minyoo. Mama mwenye damu pungufu anaweza kuvuta hewa nyingi, lakini hana chembe za kutosha za kubeba oksijeni.

Kwa hiyo, nyumbani kwenu fanyeni haya:
(a) Jiko liwe na madirisha au tundu la kutolea moshi.
(b) Mama mja mzito ahudhurie kliniki mapema, anywe vidonge vya madini ya chuma anavyopewa, na alale ndani ya chandarua.
(c) Ale maharage, mboga za majani, dagaa, na nyama inapopatikana.
(d) Watoto, wa kike na wa kiume, wamsaidie kuchota maji na kubeba kuni.

Mama mja mzito anayehema akipanda kilima si mvivu. Apumzike, kisha aendelee. Lakini akihema hata anapokaa au kulala, akiumwa kifua, moyo ukienda mbio, au viganja vyake vikiwa vyeupe, apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Maswali

1. Kwa nini pumzi moja ya Tunduma ina oksijeni kidogo kuliko pumzi ya ukubwa uleule ya Dar es Salaam?
2. Taja homoni mbili za kike. Ipi humfanya mlinzi wa pumzi kuwa mwepesi?
3. Mama mmoja huvuta pumzi 15 kwa dakika, na kila pumzi ni lita 0.6. Huvuta lita ngapi kwa dakika 10?
4. Eleza faida mbili anazopata mtoto tumboni mama yake anapovuta pumzi kubwa.
5. Chunguza jiko la nyumbani kwenu. Moshi hutokea wapi? Andika unavyoweza kusaidia kulirekebisha.
6. Jirani anasema mama mja mzito anayepumzika njiani ni mvivu. Utamjibu nini?