Vifaranga vya samaki Jinja–Mbale: Mashine ya povu haitaokoa mzigo wako

Wasafirishaji wanaobeba vifaranga vya sato na kambare kutoka Jinja kwenda Mbale, na wengine wanaovusha hadi Kenya kupitia Malaba na Busia, wanaijua hasara ya kufungua tangi na kukuta samaki wanaelea. Mnunuzi hulipia walio hai. Mafuta, gari na dereva vimekwisha kulipiwa.

Kwenye intaneti kuna kifaa kinachouzwa kwa wafugaji wa samaki wa baharini, ambacho husafisha maji kwa kutengeneza povu. Je, msafirishaji wa Jinja akinunue? Jibu fupi ni hapana. Lakini kuelewa kazi yake kunamsaidia msafirishaji kujua mahali hasara yake inapoanzia.

Mashine ya povu hufanya kazi gani?

Kifaa hiki ni bomba lililosimama, lenye pampu inayosukuma hewa ndani ya maji ya chumvi kama mapovu madogo sana. Ute wa samaki, mabaki ya chakula na mafuta hunata kwenye mapovu hayo. Povu hupanda juu, huingia kwenye kikombe, na mwenye tangi humwaga uchafu huo kabla haujaoza na kuwa sumu.

Ili kifanye kazi sawasawa kila siku, kinahitaji kina cha maji kisichobadilika, hewa isiyopungua, shingo ya bomba iliyosafishwa, na chumvi ya kutosha. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Chumvi hiyo huzuia mapovu madogo yasiungane na kuwa makubwa, na ndiyo siri ya kifaa chote. Ni kifaa cha watu wanaohifadhi samaki wa bahari, kwa mfano wafanyabiashara wa pwani ya Kenya wanaouza nje samaki wa mapambo.

Kwa nini hakifai Jinja?

Maji ya Ziwa Victoria na Mto Nile hayana chumvi hiyo. Mapovu huungana upesi, hupanda haraka na kupasuka, na uchafu hubaki majini. Baadhi ya wasafirishaji huweka gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa lita ili kuwapunguzia samaki mshtuko. Hilo ni jambo zuri, lakini chumvi hiyo ni kidogo mno kwa mashine ya povu.

Hata hivyo povu lina ujumbe. Ukiona povu zito lisilopasuka juu ya tangi la maji yasiyo na chumvi, jua kwamba ute na kinyesi vimezidi. Usisubiri Mbale. Punguza maji machafu na uongeze maji safi yenye joto linalolingana.

Uchafu uzuiwe kabla ya kupakia

Kwa kuwa huwezi kuutoa uchafu njiani, kazi kubwa hufanyika siku moja au mbili kabla ya safari.

Kwanza, vifaranga wasilishwe kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kupakiwa, kulingana na ukubwa wao. Wadogo sana wasikae muda mrefu bila chakula. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji sana na hutumia oksijeni kidogo. Msafirishaji amuulize mwenye shamba ni lini walikula mara ya mwisho, kabla ya kupokea mzigo.

Pili, wawekwe kwenye maji safi yanayotembea, ili wamalize kinyesi na ute wa kukamatwa.

Tatu, wapangwe kwa ukubwa. Kambare wakubwa huwala wadogo, hata ndani ya gari.

Nne, maji ya bomba yasitumike moja kwa moja. Klorini huua samaki. Yaache wazi siku nzima huku yakipigwa hewa, au tumia maji safi ya kisima.

Oksijeni na joto njiani

Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi joto 25, ambayo pwani yangebeba takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita, huku hubeba kama 7 tu. Yakipata joto zaidi, oksijeni hupungua tena wakati samaki wanaihitaji zaidi. Ndiyo maana safari ya alfajiri ina faida kuliko ya saa saba mchana.

Kwa mifuko ya nailoni, desturi ni kutumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni ya mtungi, kisha kufunga kwa mpira. Mifuko ikae kivulini, ndani ya boksi. Kwa tangi, pampu ya hewa ifanye kazi muda wote, hata gari linaposimama Iganga, Namutumba au Tirinyi. Betri ya akiba si anasa.

Kambare aliyekwisha kukua huvuta hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia kuliko sato. Uvumilivu huo usikudanganye. Kambare hutoa ute mwingi, na maji yake huharibika upesi.

Hatari ya mwisho ni Mbale

Vifaranga wengi hufa baada ya kufika, na mnunuzi humlaumu dereva. Sababu yake ni hii. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki hujaza maji kaboni dioksidi na kuyafanya kuwa na tindikali kidogo. Katika hali hiyo amonia inayotoka kwa samaki haiwadhuru sana. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi hutoka, tindikali hupungua, na amonia ileile hugeuka kuwa sumu kali.

Kwa hiyo mfuko uelee kwenye bwawa ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 30, mpaka joto lilingane. Ukishaufungua, usiuache ukae. Ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika chache, kisha waachie samaki. Maji ya mfuko yasimwagwe bwawani.

Ukivuka mpaka

Muda wa kusubiri forodhani ni muda ambao samaki wanachafua maji. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili magari yakaguliwe upande mmoja tu, lakini karatasi zisipokamilika utakaa vilevile. Pata mapema kibali na cheti cha afya ya samaki kutoka mamlaka ya uvuvi, na uulize upande wa pili kama aina hiyo ya samaki inaruhusiwa kuingia. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliza pia kama bidhaa yako imo kwenye orodha ya Cheti Rahisi cha Uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kumbuka pia kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017. Kabla ya kuvuka na vifaranga kwenye nailoni, pata maelezo ya maofisa, au tumia tangi.

Mwisho, weka daftari. Andika saa ya kupakia, saa ya chakula cha mwisho, joto la maji, idadi kwa kila mfuko na idadi ya waliokufa. Mkubaliane na mnunuzi kwa maandishi ni saa ngapi baada ya kufika hesabu itafungwa. Baada ya safari kadhaa, daftari hilo litakuonyesha hasara inatokea shambani, barabarani au bwawani kwa mnunuzi, na nani anapaswa kuibeba.